Natoka Android niende iPhone ya mtumba, ama ninunue Samsung mpya? Nataka simu ya kunifikisha Agosti 2027

MwekaHazina_Lanet
Habari zenu wadau. Niko Lanet hapa Nakuru. Simu yangu imefika mwisho, chaji inaisha saa sita mchana hata kama sijaishika sana, na juzi imeanza kujizima ikiwa asilimia 30. Nimetumia Android tangu nianze kushika smatifoni. Sasa kuna jamaa ananiuzia iPhone 11, zile zinatoka Uingereza zikiwa zimetumika, na upande ule mwingine naona Samsung A16 mpya dukani. Mtu ambaye amewahi kuhama aniambie ukweli, kuhama kunasumbua ama ni hofu yangu tu? Nataka nikinunua saa hii nisinunue nyingine kabla uchaguzi uishe. Asanteni, nataka kuamua kabla ya Jumamosi.

FundiKondele
Karibu mkuu, lakini hapo bado hatuwezi kukusaidia. Pesa ni ngapi? Laini moja ama mbili? Hiyo 11 ni gigabaiti 64 ama 128, betri iko asilimia ngapi, na huyo jamaa ana duka ama ni mtu mmekutana tu mtandaoni? Alafu hiyo ya uchaguzi, simu na uchaguzi vinaingiana wapi? Kama ni kuangalia matokeo tu, hata hiyo ya zamani ukiwekewa betri mpya itakufikisha. Nimetengeneza simu hapa Kondele tangu 2014 na watu wengi wanaokuja wakisema simu imekufa, kilichokufa ni betri.

Kijana_wa_58
Chukua iPhone. Mimi nilihama 2023, 11 hiyohiyo, mpaka leo ninayo. Ni simu ya 2019 lakini apdeti ya iOS 26 imeipata, zilizoachwa ni iPhone XR na XS. Kamera yake ya usiku bado inashinda simu mpya nyingi za hiyo bei. Ukishazoea hutarudi.

DerevaNjoro
Mimi nasema tofauti. Nunua kabambe, simu ndogo ya kubonyeza, weka laini ya M-PESA hapo, inakaa na chaji siku nne, ukidondosha unaiokota unaendelea. Alafu hiyo smatifoni ununue ya bei ya chini ya WhatsApp tu. Naendesha matatu Njoro Nakuru, nimeona watu wakinyang'anywa simu moja na maisha yote yanaenda nayo, pesa, picha, namba za watu, kila kitu.

MwekaHazina_Lanet
Bajeti ni elfu 33, labda nikijikaza 35. Laini ni mbili, Safaricom ya M-PESA na kazi ya chama, Airtel ya bando. Hiyo iPhone ni gigabaiti 64, betri asilimia 81. Muuzaji ni rafiki ya binamu yangu, hana duka. Hiyo ya uchaguzi ni hadithi ndefu, tuiache kwanza.

ShangaziWebuye
Mwanangu, chama gani? Kama ni chama cha siasa sema mapema tujue tunaongea na nani.

MwekaHazina_Lanet
Hapana shangazi, chama cha kuweka pesa. Tuko watu 24, mimi ndiye mweka hazina. Rekodi zote za michango ziko kwa WhatsApp, kila mtu akituma anaweka ujumbe wa M-PESA hapo na mimi naandika jumla kila mwisho wa mwezi. Miaka mitano sasa.

FundiKondele
Unaona sasa? Hiyo ndiyo ulitakiwa uanze nayo! Miaka mitano ya rekodi za pesa za watu 24 ziko ndani ya WhatsApp ya Android na unataka kuhamia iPhone. Hiyo si kutoa laini hapa unaweka pale. Nakala ya WhatsApp ya Android inakaa Google Drive, ya iPhone inakaa iCloud, na hizo mbili hazisomani. Ukiingiza laini kwa iPhone ukabonyeza kuanza upya, utakuta magrupu yako lakini yakiwa matupu.

Na hiyo ya uchaguzi pia eleza, juu kama ni kazi ya siku nzima nje bila stima jibu linabadilika.

NyarNyalenda
FundiKondele amenikumbusha kitu sikutaka kukumbuka. Wacha niseme yote ndio mtu asipatwe na yaliyonipata.

Mwaka juzi nilinunua iPhone iliyotumika hapa mjini Kisumu, kwa kibanda, sitasema cha nani. Elfu 28. Ilikuwa safi, kioo hakina mkwaruzo, nikajaribu kamera, nikajaribu spika, nikalipa. Muuzaji akaniambia nisihangaike, atanihamishia kila kitu mwenyewe, nikampa simu yangu ya zamani na laini. Akafanya kwa dakika kumi hivi. Nikaona majina ya watu yamekuja, picha zimekuja, nikafurahi, na kwa vile nilikuwa napunguza gharama nikamwachia ile ya zamani kwa elfu nne, akaifuta yote mbele yangu. Nilifika nyumbani jioni nikafungua WhatsApp, kumbe ni akaunti ileile lakini mazungumzo yote hayapo. Mama yangu aliaga dunia 2021. Alikuwa hajui kuandika vizuri kwa simu kwa hivyo kila kitu alikuwa anatuma kwa sauti, ananiuliza nimekula, ananiambia kuku ametaga, ananiombea nikisafiri. Sauti hizo zilikuwa kama mia mbili. Zilikuwa ndani ya simu niliyouza kwa elfu nne.

Nilirudi kesho yake asubuhi kabla hata kibanda kifunguliwe. Simu ilikuwa imeshauzwa tena. Nikauliza kuhusu Google Drive, tukaangalia, nakala ya mwisho ilikuwa ya zamani sana na haikuwa na sauti, juu nafasi ya bure ya gigabaiti 15 ilijaa kitambo na mimi nilikuwa nabonyeza tu kuondoa ile ilani.

Haikuishia hapo. Baada ya wiki tatu simu ikajaa nafasi, mtu akanishauri niifute ianze upya. Nikaifuta. Ilipowaka ikaniuliza barua pepe na pasiwadi ya mtu mwingine, naona tu herufi ya kwanza na nyota. Kumbe mwenyewe wa kwanza hakuwahi kutoa akaunti yake. Muuzaji akaniambia kuja kesho, kesho ikawa Ijumaa, Ijumaa nikakuta kibanda kinauza viatu. Fundi mmoja akasema ataipita hiyo akaunti kwa elfu sita, nikalipa, ikawaka lakini haipigi simu wala haishiki laini. Nikaiuza ikiwa spea, elfu tano na mia tano.

Pesa hulipika, na hiyo nimeshaisamehe. Lakini MwekaHazina, kabla ufanye kitu chochote, toa nakala. Kama kuna sauti ya mtu humo ndani itoe leo usiku. Usingoje Jumamosi.

ShangaziWebuye
Pole sana binti yangu. Nimesoma nikaweka simu chini kwanza.

DerevaNjoro
Pole dada. Hiyo ya mama imeniuma.

Kijana_wa_58
Pole sana dada. Lakini naomba niseme, kosa hapo ni la muuzaji, si la simu. Kuhama na WhatsApp kunawezekana tangu 2022. Kuna programu inaitwa Move to iOS, unaiweka kwa Android, iPhone inakuwa imefutwa ama mpya kabisa, unaziunganisha wakati unaiwasha mara ya kwanza, unachagua WhatsApp kati ya vitu vya kuhamisha, zote mbili zikiwa kwa chaji. Namba lazima iwe ileile. Mimi yangu ilichukua kama saa moja na nusu na kila kitu kilikuja.

FundiKondele
Ni kweli, na umesema kitu muhimu, iPhone LAZIMA iwe imefutwa. Ukishaanza kuitumia hata siku mbili alafu ukumbuke mazungumzo, itabidi uifute tena. Na usiuze ya zamani kabla ya mwezi kuisha, mimi huwaambia wateja hivyo kila siku.

Ya akaunti sasa. Ukikutana na muuzaji usikubali kuonyeshwa simu ikiwa imewashwa tu. Mwambie aingie kwa mipangilio atoe akaunti yake mbele yako, afute simu yote, iwake upya, na wewe uweke akaunti yako mpaka ufike kwa ukurasa wa mwanzo. Hapo ndio unatoa pesa. Alafu bonyeza *#06# uone namba ya IMEI, ile ya kutambulisha simu, ilingane na ile iko kwa mipangilio. Kama hataki kuifuta, ondoka, hata kama ni rafiki ya binamu. Nimeletewa simu nyingi sana zimefungwa na wenyewe wanalia, na sina la kuwasaidia.

Na 81 kwa betri ni ya kubadilishwa hivi karibuni. Ikishuka chini ya 80 simu yenyewe itaanza kukuambia. Kwa hivyo hesabu bei ya betri juu ya hiyo bei.

Laini mbili pia: 11 nyingi zina nafasi moja ya laini ya kawaida na ya pili ni eSIM, laini isiyo na kadi. Safaricom wanayo, Airtel wanayo, lakini jua siku simu imeharibika huwezi kutoa eSIM uweke kwa simu ya jirani ili utume pesa.

DerevaNjoro
Hapo ndipo kabambe inaingia. Mmecheka kabambe lakini *334# ya M-PESA inafanya kazi hata kwa simu ya elfu mbili.

FundiKondele
Hakuna mtu amecheka kabambe kaka. Mimi mwenyewe ninayo.

MwekaHazina_Lanet
NyarNyalenda pole sana, na asante. Jana usiku nimekaa nikatoa mazungumzo ya grupu la chama yote nikayatuma kwa barua pepe yangu na ya mwenyekiti. Sikuwahi kufikiria hiyo kitu.

Sawa, ya uchaguzi. 2022 nilikuwa ajenti ndani ya kituo cha kupigia kura, shule ya msingi huku kwetu. Sitasema nilikuwa wa chama gani na naomba msiniulize juu si hoja. Tuliingia saa kumi na moja asubuhi. Kura ni sita, na ya rais ndiyo huhesabiwa kwanza. Darasa lilikuwa na balbu moja na taa ya sola tumeiegemeza kwa ubao. Wakati fomu 34A, ile ya matokeo ya rais ya kituo, ilijazwa na sisi maajenti tukaweka sahihi ilikuwa saa tatu usiku na simu yangu iko asilimia 4, juu mchana kutwa nilikuwa naulizwa watu wangapi wamepiga. Nikapiga picha mbili haraka. Moja ikatoka na ukungu, nyingine kivuli cha kichwa changu kiko juu ya namba. Kabla nitume ikazima.

Nakala ya karatasi nilikuwa nayo. Lakini walionituma walikuwa wanataka picha, na hatukuruhusiwa kutembeatembea ovyo, hesabu za kura zingine zinaendelea. Nilikaa masaa manne hivi bila kumjibu mtu. Huko nje vijana wakaanza kusema kituo chetu kinafichwa matokeo. Hakuna kitu kilifichwa! Fomu ilikuwa imebandikwa kwa mlango, mtu yeyote angesoma na tochi. Lakini maneno yalishatoka. Nilienda nyumbani saa tisa usiku na karatasi nimeiweka ndani ya shati, na njiani kuna watu wamesimama makundi makundi, nikapita nikisalimia kila mtu kwa sauti ndio wajue ni mimi.

Kwa hivyo nikisema simu ya kunifikisha Agosti 2027 namaanisha hivyo. Nimeombwa tena niwe ajenti. Nataka betri ya siku nzima na picha inayosomeka usiku.

Kijana_wa_58
Sasa hapo umejibu mwenyewe, picha inayosomeka usiku ni iPhone.

FundiKondele
Na betri ya siku nzima ni ile ingine. A16 ina betri ya 5000, iPhone 11 ni 3110. Kama ni mpya dhidi ya iliyotumika miaka sita na iko asilimia 81, hakuna mashindano hapo. Na Samsung wameahidi A16 apdeti za miaka sita, simu ilitoka mwisho wa 2024. Kamera yake usiku si mbaya ukitulia mkono na mtu akikumulikia.

Kijana_wa_58
Pawabenki ni elfu mbili. Betri unaweza kubeba mfukoni, kamera huwezi.

MwalimuMstaafu_Kakamega
Ndugu zangu, nimesoma mjadala huu wote na naomba niongeze la mzee. Nilifundisha miaka 31 na darasa langu limekuwa kituo cha kupigia kura mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

MwekaHazina, kilichokuwa salama usiku ule ni karatasi uliyoiweka ndani ya shati. Msimamizi wa kituo anatakiwa ampe kila ajenti nakala na abandike nyingine mlangoni, na hizo hazihitaji chaji. Mnakumbuka 2013? Laptopu za kuwatambua wapiga kura zilizimika madarasani kwa sababu shule hazikuwa na stima, watu wakarudi kwa daftari. Na kwenye matokeo yaliyokuwa yakionyeshwa kwa televisheni, kura zilizoharibika zilikuwa zinazidishwa mara nane na programu, nchi nzima ikashangaa zimetoka wapi nyingi hivyo. Mwaka 2022 hapa kwetu Kakamega vile vifaa vya KIEMS vya kutambua wapiga kura vilikataa asubuhi, tume ya uchaguzi ikaruhusu daftari la karatasi, vituo 238 kwa jumla, 84 vya Makueni na 154 vya kwetu. Na gavana hatukumchagua siku hiyo kabisa, karatasi za kura zilikuja na makosa, tukangoja mpaka tarehe 29 Agosti, sisi na Mombasa.

Sisemi mashine ni mbaya. Nasema usiweke tumaini lako lote kwa kitu kinachohitaji kuchajiwa.

Kijana_wa_58
Mwalimu kwa heshima, mimi naona kinyume. 2022 mtu wa kawaida aliweza kufungua tovuti ya tume na kuona fomu ya kituo cha kwao. Vituo vilikuwa zaidi ya elfu 46. Sisi tulikuwa hosteli, vijana saba, tukapakua fomu za hapa Nakuru moja moja na kujumlisha wenyewe kwa daftari na kalkuleta, usiku mbili hatulali. Zamani ungeambiwa namba na hakuna pa kuangalia. Hiyo si karatasi peke yake, ni karatasi iliyopigwa picha.

MwalimuMstaafu_Kakamega
Hapo nakubali, mwanangu. Ila nani alisaini hiyo karatasi kabla ya kupigwa picha? Ni watu waliokaa darasani na njaa mpaka usiku wa manane. Kama ajenti alilala, ama aliondoka kwenda kutafuta chakula, picha itapigwa vizuri sana ya kitu ambacho hakuna aliyekishuhudia.

FundiKondele
Sisi huku Kisumu hii mada tunaishika polepole. 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba, na moja ya mambo iliyosema ni kwamba tume haikufungua seva vile iliamriwa. Kabla ya hapo tume yenyewe ilikuwa imesema vituo zaidi ya elfu 11 havina mtandao wa 3G. Marudio ya 26 Oktoba huku kwetu kura hazikupigwa. Sitaendelea zaidi ya hapo, kila mtu wa huku anajua wiki hizo zilikuwaje na kuna watu hatuko nao leo.

Nachoweza kusema ni hiki: laini mbili, mkuu. Mtandao mmoja ukikosa kwenye kituo chako una mwingine. Kwa hiyo kazi nafasi mbili za laini za kawaida ni bora kuliko kamera nzuri.

Msimamizi
Naomba turudi kwa simu. Mpaka sasa mmeongea vizuri na nawashukuru. Majina ya wagombea wa 2027 na makabila hapa hatuweki, nitafuta bila kuuliza.

ShangaziWebuye
Msimamizi nitaongea kidogo tu, na ni ya simu.

Mimi najali hiyo masaa manne MwekaHazina amesema. Watu huongea juu ya fomu na seva lakini uongo huingia wakati hakuna mtu amesema kitu. Januari 2008 nilikuwa nimeolewa hapo Nakuru, tulikuwa na simu za kubonyeza, na ujumbe ulikuwa unazunguka tu, ati wanakuja kutoka upande fulani, ati fulani amechomwa. Tulitoka na watoto na godoro moja tukaja Webuye kwa baba yangu. Ule ujumbe uliotutoa nyumba, mpaka leo sijui nani aliuandika, na haukuwa wa kweli siku hiyo. Ulikuja kuwa kweli siku tatu baadaye.

Saa hii WhatsApp imepunguza, ujumbe ukishapita mikono mingi unaweza kuutuma kwa grupu moja tu kwa wakati mmoja. Nimeshukuru. Lakini mwanangu ukiwa ndani ya kile chumba, hata kama picha haijatoka, mtu akikuuliza andika tu "tunaendelea kuhesabu, hakuna shida". Maneno manne hayamalizi chaji.

NyarNyalenda
Shangazi 🙏

DerevaNjoro
Kweli kabisa shangazi. Mwaka ule mimi nilikuwa kondakta. Barabara ya kwenda Molo tuliiacha wiki nzima.

Na kuna kitu ingine kuhusu namba za simu na siasa nataka kuuliza. 2021 nilikuta nimeandikishwa kuwa mwanachama wa chama cha siasa sijawahi hata kufika ofisi yao. Niliangalia kwa eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali. Kuna mwenye hiyo ilimpata?

Kijana_wa_58
Wengi sana. Ilikuwa Juni 2021, watu wakalalamika kwa kamishna wa data. Angalia tena kabla ya 2027, unaweza kujiondoa hapohapo kwa eCitizen.

DerevaNjoro
Nilijiondoa. Lakini walitoa wapi namba ya kitambulisho changu? Kila jengo Nakuru ukiingia unaandika kitambulisho na namba ya simu kwa kitabu cha askari. Hicho kitabu kikijaa kinaenda wapi? Hata ubadilishe simu mara kumi, jina lako lilishaandikwa.

MwalimuMstaafu_Kakamega
Swali zuri hilo. Sheria ya kulinda data ipo tangu 2019, lakini kitabu cha askari bado kiko mezani.

FundiKondele
Tunapotea. Mkuu wa Lanet uko wapi, Jumamosi ni kesho.

MwekaHazina_Lanet
Niko. Nimewasoma nyote, kuna mengine nimeyasoma mara mbili.

Nilimwandikia yule jamaa jana asubuhi, nikamwambia nitakuja na pesa taslimu lakini aifute mbele yangu kwanza na tuweke akaunti yangu. Aliniuliza kwani simwamini. Nikamwambia ni masharti ya kila mtu. Ameisoma, hajajibu mpaka saa hii. Binamu yangu naye amekasirika kidogo, anasema namharibia jina.

Dukani kwa A16 niliingia leo nikitoka kazini, Kenyatta Avenue. Nikaomba nijaribu kupiga picha karatasi nikiwa nimezimiwa taa ya upande ule, yule dada akakubali. Nilipiga risiti. Namba zinasomeka lakini ukivuta karibu sana zinaanza kuchanganyika. Sijui kwa darasa itakuwaje.

Kijana_wa_58
Unaona nilikuambia.

FundiKondele
Umepigia kwa umbali gani? Usivute kwa kidole, sogea karibu mwenyewe. Weka karatasi kwa meza, simu juu yake sawasawa, shikilia kwa mikono miwili, na taa itoke kando si nyuma yako. Kivuli cha kichwa chako 2022 kilitokana na taa kuwa nyuma. Jaribu leo usiku na hiyo simu yako ya zamani, uone tofauti kabla ulaumu kamera.

MwekaHazina_Lanet
Nimejaribu saa hii na karatasi ya mtoto ya hesabu. Nimezima taa, mke wangu ameshika tochi kando. Inasomeka yote. Na hii ni simu mbovu.

FundiKondele
Basi leta nikuwekee betri.

MwekaHazina_Lanet
Kondele ni mbali mkuu. Hapa Nakuru kuna fundi mnamwamini? Na betri ya kweli nitaijuaje?

Kijana_wa_58
Lakini bado atahitaji apdeti, hiyo yake ni ya mwaka gani kwani?

ShangaziWebuye
Mwanangu usimwache mke wako ashike tochi usiku wote, kesho ni kazi. Na kura yenyewe, nyinyi vijana wa hapa mmejiandikisha wote? Kijana, wewe wa hosteli, ulihamisha kituo chako ama bado ni kule chuoni?

Kijana_wa_58
Bado shangazi. Bado ni kule chuoni. Nitaenda.

NyarNyalenda
MwekaHazina, fundi mzuri wa Nakuru nikimpata nitakutumia namba yake kando. Ulitoa na sauti, ama ni maandishi tu? Ile ya kutuma kwa barua pepe huwa inachagua kama utaweka picha na sauti ama la. Angalia tena.